Chachu ya Kutoka Mgori

Miaka ile ya Mwingereza, kabla jina la TANU halijafika Ilongero, ukisema "pombe ya Mama Paulo" hakuna aliyekuuliza Mama Paulo yupi. Alikuwa mmoja tu. Anastazia, mjane wa Alute, mwanamke mfupi, mweusi ti, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe aliye bonde la pili. Watu walitoka Mandewa kwa miguu kuja kunywa kwake, na wakirudi walirudi wanaimba.

Alizaliwa Mgori, kule karibu na msitu. Siku alipoolewa kuja Ilongero, mama yake alimpa kibuyu kimoja cha shingo ndefu, na ndani ya kibuyu hicho kulikuwa na ukoko wa rangi ya udongo uliogandamana ukutani. Ukoko huo ndio chachu. Anastazia akitaka kupika, alimimina humo togwa vuguvugu, akakitikisa kibuyu, akakiweka kando, na mpaka jioni togwa ilikuwa inatokota yenyewe bila moto. Akaimwaga kwenye mtungi wa pombe, akabakiza kidogo ikauke ndani, akakirudisha kibuyu mahali pake juu ya meko, kwenye moshi. Kazi ni hiyo tu. Rahisi, eti? Haya, jaribu wewe uone.

Alute alikufa mwaka wa nzige, akamwachia mtoto mmoja anayenyonya na shamba la uwele ambalo wanaume wawili wasingelimaliza. Sasa niambieni, mjane wa namna hiyo atalima na nini? Atalima na pombe. Unapika mitungi miwili, unatangaza siku, watu wanakuja na majembe alfajiri, wanalima huku wanapokezana nyimbo, na jua likipanda wanakaa chini wanakunywa jasho lao. Siku ya kupalilia vivyo hivyo, siku ya kupura vivyo hivyo. Kila mwanamke wa Ilongero alipika. Lakini watu wakiitwa mahali pawili siku moja, walikwenda kwa Anastazia, na yule mwingine akabaki na mitungi yake na magugu yake. Ndivyo Anastazia alivyomlea Paulo. Hakulala njaa hata mwaka mmoja, na hakumpigia mtu magoti.

Paulo alikua, akaenda Iramba kujenga nyumba za misheni, akarudi na mke. Kisha akaondoka tena kwenda kukata mkonge Korogwe, akamwacha mke kwa mama yake. Mke mwenyewe aliitwa Raheli, binti wa mwalimu wa dini, na nyumbani kwao pombe haikuvuka kizingiti. Alikuwa msichana mwema, hilo hata Anastazia alikubali. Ila usafi! Alifagia uwanja asubuhi na jioni mpaka kuku wakakosa cha kuparua. Alisugua vyungu nje na ndani. Misheni walikuwa wamemfundisha kwamba ugonjwa unakaa kwenye uchafu, na yeye aliuwinda uchafu kila pembe ya nyumba.

Basi mavuno yakaja, mavuno mazuri, uwele umejaa, na jumbe akatoa ruhusa watu wapike. Siku moja Anastazia anarudi shambani na mzigo wa kuni kichwani, anaona kibuyu chake kimechomekwa kichwa chini kwenye kijiti cha uzio. Kinang'aa. Maji bado yanadondoka.

"Shikamoo mama," Raheli alisema, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Kile kibuyu cha juu ya meko kilikuwa kimeoza ndani, mama. Nimekiosha kwa maji ya moto mara tatu, nikakisugua kwa mchanga na majivu. Sasa kimetakata!"

Anastazia hakuitikia salamu. Aliangusha kuni, akakichukua kibuyu, akaingiza pua. Kilinukia majivu. Akakitikisa karibu na sikio kana kwamba ndani kuna mtu wa kumjibu, akakinusa tena.

"Umeniua," alisema.

"Mama?"

"Umeniua, wewe msichana! Miaka ishirini na sita! Miaka ishirini na sita hakuna mkono uliogusa ndani ya kibuyu hiki! Nani alikutuma? Nani alikuambia uoshe?" Sauti ile ya kuitia ng'ombe sasa ilikuwa inamshukia mkwe wake, na majirani wakaanza kuchungulia. "Funga vitu vyako. Paulo akirudi atakukuta kwenu Iramba!"

Raheli alipiga magoti palepale kwenye uwanja wake uliofagiliwa. "Sikujua, mama. Haki ya Mungu sikujua. Kwetu hatuna kitu hiki." Na kweli, angejulia wapi?

Hasira ilipopoa kidogo, hofu ilichukua nafasi yake. Kwenda Mgori kuomba nyingine haikuwezekana. Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi, kaka zake wamehama na mifugo, na boma lenyewe limeota miiba. Bila chachu hakuna pombe, na bila pombe nani atakuja kumpuria uwele? Paulo yuko Korogwe. Raheli na yeye, wanawake wawili na fimbo mbili, wangepura mpaka mvua iwakute uwanjani. Na zaidi ya uwele, jamani, tuseme ukweli, kulikuwa na jina lake. Anastazia bila pombe yake alikuwa mjane kama wajane wengine.

Tena zilibaki siku nane tu kabla ya siku ya kuonja.

Wapika pombe wa Ilongero walikuwa na desturi hii: mavuno yakiisha, kabla ya shughuli za kupura, walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mwanamke na kibuyu chake. Walikaa duara, kila mmoja akampa kibuyu chake jirani wa kulia. Hunywi pombe yako, unakunywa ya mwenzako. Halafu unasema mbele ya wote, "Nakunywa hiki na hiki," nafaka gani, kimea cha siku ngapi, maji ya kisima gani, chachu ya nani. Mwenyewe anajibu "ndiyo" au "sivyo," basi. Na sharti lilikuwa moja: hukusema uongo juu ya kilicho mdomoni mwako. Unaweza kumdanganya mumeo, unaweza hata kumdanganya padre, lakini siku ya kuonja ulisema unachokunywa.

Kukosa kwenda kungekuwa habari ya kijiji kizima. Kwa hiyo Anastazia alipika. Aliotesha kimea kwa uangalifu wa kutisha, akakianika, akakisaga mwenyewe, akapika uji, akauacha uchachuke kwa hiari yake, akiomba hewa tu imsaidie. Hewa haikumsaidia. Kilichotoka kilikuwa kikali pasipotakiwa na kilipooza pale kilipotakiwa kuwa kikali. Alikionja akatema.

Usiku alilala macho wazi, anafikiria maji ya moto. Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo Anastazia hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye kitubio.

Miaka kumi na mitano nyuma, jirani yake Martha alimjia akiwa na kibuyu kitupu. Martha, ambaye watu walimwita Mama Dina, alikuwa anamwoza Dina, binti yake mkubwa. "Mama Paulo," alisema, "nipe chachu yako kidogo. Nataka harusi ya mwanangu iwe na pombe ya maana." Wengine walikuwa wanaitamani chachu ile lakini walimwogopa Anastazia, hawakuthubutu kutamka. Martha alitamka.

Sasa Anastazia angefanyaje? Kumnyima mtu chachu ni aibu. Watu wangesema ana mkono wa birika. Kumpa nako, Martha ana mume na wana watatu wakubwa. Akiwa na pombe ile ile, nani tena atakwenda kwa mjane? Anastazia akaingia ndani na kibuyu cha Martha, akatia chachu, kisha akainua chungu cha maji yaliyokuwa yanachemka jikoni, akamimina kidogo juu yake. Kidogo tu. Akakiziba, akatoka nacho, akacheka na Martha mlangoni, akamtakia harusi njema.

Pombe ya harusi ya Dina haikuumuka. Wageni walikunywa togwa tamu kama watoto, na mpaka leo wazee wanaiita harusi ya togwa. Tangu hapo Martha hakuja tena siku ya kuonja. Alipikia watu wa nyumbani kwake tu, na Anastazia hakukanyaga kwake kunywa, kwa sababu asingeweza kumtazama usoni. Hakuwa mwanamke mbaya, Anastazia. Aliogopa njaa, na mtu mwenye hofu ya njaa hufanya mambo ambayo mtu mwenye shibe huyacheka.

Siku ya kuonja ikafika. Ilikuwa kwa Maria, mke wa Antipasi, mwanamke mnene mwenye maneno, na wanawake kama kumi wakajaa barazani. Raheli alimbebea mama mkwe wake kibuyu, akaketi karibu na mlango, mikono mapajani. Anastazia akakaa, akageuka kushoto kumsalimia jirani. Alikuwa Martha. Binti yake mdogo alikuwa ameolewa juzijuzi na mtoto wa Maria, na Maria alikuwa amekataa katakata mkwe mwenzake akose kufika.

"Mama Paulo," Martha alisema kwa upole.

"Mama Dina."



Vibuyu vikazunguka. Mmoja akasema anakunywa mtama mwekundu, kimea cha siku tatu, maji ya kisima cha chini, na mwenyewe akaitikia ndiyo, wakapiga vigelegele. Mwingine akapewa wanzuki ya Maria, akalamba midomo, akasema anakunywa asali ya nyuki wadogo, ya mwaka jana, imechanganywa na ya mwaka huu kwa sababu mwenye nyumba aliishiwa. Maria akacheka mpaka machozi. "Ndiyo! Ndiyo! Shetani wewe, umejuaje?"

Kibuyu cha Anastazia kilikwenda kwa huyo huyo Maria. Maria alijimiminia kata nzima kwa furaha, maana nani hakuisubiri ile. Akanywa funda moja. Akatua. Akanywa jingine, polepole.

"Nakunywa uwele," alisema. "Wa mwaka huu. Kimea kizuri, hakina kasoro." Akasita. Uso wake ulikuwa unaomba msamaha kabla mdomo haujafika. "Chachu siioni. Mama Paulo, nisamehe dada yangu, nakunywa uji uliokasirika."

Kicheko kilipasuka, kikafa haraka watu walipomwona mwenyewe. Anastazia alitazama sakafu. "Ndiyo," alisema.

Sasa ikawa zamu yake, na mkononi alikuwa na kibuyu cha Martha. Alikunywa haraka, amalize. Kisha akaacha kumeza. Alikaa na ile pombe mdomoni kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali. Kulikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, halafu utamu unaochelewa, unaokuja wakati umeshakata tamaa. Duniani alikuwa anajua kibuyu kimoja tu chenye ladha hiyo, na kibuyu hicho kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga.

Ameiba, aliwaza. Damu ilimpanda kichwani. Mwizi huyu, aliingia nyumbani kwangu nikiwa shambani, akakwangua kibuyu changu!

"Unakunywa nini, Mama Paulo?" Maria aliuliza.

Angeweza kusema uwele, kimea cha siku nne, chachu ya mwenyewe, akarudisha kibuyu. Nani angejua? Lakini ile pombe ilikuwa bado iko mdomoni mwake, na miaka ishirini na sita hakuwahi kusema uongo kwenye duara lile.

"Nakunywa pombe ya mama yangu," alisema.

 Wote waligeuka kumtazama Martha. Martha alikuwa anakunja ncha ya kaniki yake, anaikunjua, anaikunja.

"Ndiyo," Martha alisema. Basi.

Anastazia alitaka kumrukia, na alitaka kumwangukia miguuni amwombe. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja, akabaki ameshika kata. Aliyeinuka alikuwa Raheli. Alikuja katikati ya duara, yeye ambaye hajawahi kulamba pombe, akapiga magoti mbele ya Martha.

"Mama, shikamoo. Ni mimi niliyeharibu. Niliosha kibuyu cha mama kwa maji ya moto, chachu yote ikafa. Mama hana kosa. Naomba unipe kidogo nimrudishie, kabla sijarudi kwetu."

Aliposikia "maji ya moto," Martha aliinua macho akamtazama Anastazia. Alimtazama kwa muda. Anastazia ndiye aliyegeuza uso.

"Marahaba, mwanangu," Martha akamjibu Raheli. "Kesho asubuhi njoo na kibuyu."

Kesho yake Raheli alikwenda mbio, akarudi amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Anastazia alikipokea, akakishika pande zote kwa viganja. Kilikuwa cha baridi. Lakini maji ya moto hupoa njiani, nani alijua hilo kuliko yeye? Na Martha angekuwa na haki. Hilo ndilo lililomuuma. Kama Martha amemwagia maji, hakuna jirani wala Mungu ambaye Anastazia angeweza kumlalamikia.

Alitia togwa vuguvugu, akakitikisa, akakaa nacho uwanjani mgongo ukiwa umeegemea ghala. Jua likapanda. Raheli alileta ugali, ukapoa. Saa sita akainamisha sikio, hakusikia kitu. Saa saba, hakuna. Akajicheka kwa uchungu, mtu mzima anabembeleza togwa. "Nastahili," alisema kwa sauti, na Raheli aliyekuwa anapepeta unga alidhani ameambiwa yeye.

Alasiri, kivuli cha ghala kimeshavuka uwanja, kitu kilifanya "pu" ndani ya kibuyu. Kikanyamaza. Kikafanya "pu" tena, na tena, halafu povu jeupe likachungulia mdomoni, likapanda, likafurika juu ya vidole vyake.

"Raheli! Raheli wee! Njoo uone!"

Raheli alikuja na unga mikononi. Alipoliona povu hakujua kama ni jema au baya, mpaka mama mkwe wake alipomshika shingo akamvuta kifuani. "Hakuna mtu anayekwenda Iramba," Anastazia alisema. "Sikia. Nilisema kwa hasira, nimekosa. Chukua mtungi mdogo, umimine hii humo, mimi nina safari."

Safari yenyewe ilikuwa ya mashamba mawili. Alimkuta Martha uwanjani kwake, anapeta uwele, makapi yanaruka na upepo. Anastazia hakusubiri kukaribishwa, maana alijua akisubiri ataghairi.

"Mama Dina, imeumuka."

"Nimefurahi."

"Sikuja kwa hilo. Ile chachu niliyokupa ya harusi ya Dina, niliimwagia maji ya moto. Kwa makusudi. Niliogopa watu watakuja kwako."

Martha aliendelea kupeta. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Kibuyu kilikuwa cha moto, Mama Paulo. Nilikibeba kifuani mpaka hapa, nikawa nakihamisha mkono huu na huu. Nilijiambia labda chachu nzuri ndivyo ilivyo. Ilipokataa kuumuka ndipo nikaelewa."

Anastazia alitafuta pa kuweka mikono yake. Neno "mwizi" lilikuwa bado kwenye ulimi wake tangu jana, sasa halikuwa na pa kwenda. "Na hii uliyo nayo?" aliuliza. "Uliipata wapi?"

"Mgori. Baada ya harusi nilikwenda kwa mama yako." Martha aliweka ungo chini, akajifuta makapi usoni. "Aliniuliza, 'Mbona umekuja mbali hivi, mwanangu Anastazia hakukupa?' Ningemwambia nini? Alikuwa mzee, tena mgonjwa, na wewe ni mtoto wake. Nikamwambia ulinipa, ukanijazia kibuyu, mimi nikajikwaa njiani ikamwagika. Alifurahi mno yule mama. Akaniambia, 'Amenifuata mimi, hajui kunyima.'"

Anastazia alikaa chini palepale kwenye makapi, akajifunika uso kwa kaniki, akalia kwa sauti. Martha alimwacha alie. Baadaye akasogeza ungo pembeni, akaketi karibu naye.